UZI: Mkopo wa fungu la 4% la halmashauri, kujiamini kwa mama mwenye biashara, na hesabu inayoamua kama biashara itafika mwaka wa pili

#1 KaraniWaKata

Wakuu, salaam. Kila wiki humu kuna mada ya "wanawake wajiamini, serikali ipo". Sawa, lakini naomba tuongee kwa namba, maana kuna vikundi vinapokea mamilioni bila riba na baada ya miezi 8 hakuna mkopo, hakuna biashara, na wanakikundi hawasalimiani.

Kwanza msingi wa sheria kwa Tanzania Bara. Mwaka 2018 kiliongezwa kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Kinaitaka kila halmashauri itenge 10% ya mapato yake ya ndani: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kwa hiyo mama hapewi hisani pale kata. Ni haki iliyoandikwa, na anayelijua hilo haingii ofisini kwa kunyenyekea. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, mambo ambayo ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) zilikuwa zimeyapigia kelele miaka kadhaa. Mwaka 2024 ukarudi na kanuni mpya: halmashauri 10 za majaribio, yakiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, zikapangiwa kupitisha fedha benki, na zilizobaki zikaendelea na utaratibu wa halmashauri ulioboreshwa.

Sasa hoja yangu. Kujiamini kunakookoa biashara hakutoki kwenye semina ya kupiga makofi. Kunatoka kwenye kujua mambo matatu bila kufungua daftari: kipimo kimoja cha bidhaa kinakugharimu shilingi ngapi, unauza vipimo vingapi kwa wiki, na fedha yako iko mikononi mwa nani. Mama anayejua haya hababaiki mbele ya kamati ya mikopo, wala hashushi bei kwa sababu mteja amekunja uso.

Mfano wa siagi ya karanga, karanga mbichi kilo 10. Bei ni za mfano, weka za sokoni kwako. Karanga 35,000. Ukikaanga, ukamenya na kuchambua, zinabaki kama kilo 8.5; ukiongeza mafuta kidogo na chumvi unapata kopo 21 za gramu 400. Kopo tupu 700 × 21 = 14,700. Lebo 200 × 21 = 4,200. Kusagisha 4,250. Mkaa 3,000. Chumvi na mafuta 1,500. Usafiri kwenda na kurudi 4,000. Nguvu kazi ya siku moja 8,000. Jumla 74,650, yaani 3,555 kwa kopo.

Wengi huacha lebo, usafiri na nguvu kazi ("si ninafanya mwenyewe?"). Gharama yao inaonekana 2,783, wanauza 3,500 na kuamini wanapata faida ya 717. Ukweli ni kwamba wanapoteza 55 kwa kila kopo, na kadiri wanavyouza sana ndivyo wanavyozama. Halafu huyu ndiye tunayemwambia ajiamini zaidi na akope zaidi.

#2 Mkokotoo

Mkuu umeanza vizuri, niongeze upande wa marejesho maana ndipo vikundi vinapokufa.

Chukua kopo unaloliuzia duka kwa 4,000. Faida ni 445. Kikundi kimekopa 5,000,000, marejesho 12 ya kila mwezi: 416,667. Ukitaka rejesho lote litoke kwenye faida, lazima uuze kopo 937 kwa mwezi. Hizo ni mapishi 45 ya kilo 10, karibu mawili kila siku ya kazi. Kikundi cha watu 5 chenye jiko moja la mkaa hakifikishi. Ndiyo maana mimi huwaambia akina mama wasichukue 5,000,000 kwa sababu tu imepitishwa. Omba kile ambacho soko lako linaweza kurudisha.

#3 Nguzo ya Marejesho

@Mkokotoo kaka, naheshimu hesabu yako ila umeirahisisha upande mmoja. Mkopo haukai kwenye kapu moja. Lazima utenganishe fedha iliyokwenda kwenye mashine na iliyokwenda kwenye mzunguko.

Tuseme 2,400,000 imenunua mashine ya kusagia na 2,600,000 ni karanga na makopo. Kwanza, ukiwa na mashine yako, zile 4,250 za kusagisha zinageuka umeme wa kama 1,250. Umeokoa 3,000 kwa pishi. Faida ya pishi ilikuwa 9,345 (445 × 21), sasa ni 12,345.

Sehemu ya mashine lazima ilipwe na faida, maana mashine huuzi. 2,400,000 gawanya kwa 12 ni 200,000 kwa mwezi, sawa na mapishi 17. Sehemu ya mzunguko inaweza kurudishwa kwa kupunguza stoo kidogo kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukirejesha 2,600,000 zote kutoka kwenye stoo, mwezi wa 12 umemaliza deni, umepigwa picha na kusifiwa, na mwezi wa 13 huna hata gunia la karanga. Hii ndiyo sababu vikundi "bora" vinarudi kukopa upya kila mwaka palepale vilipoanzia.

Anayetaka kubaki na angalau nusu ya mzunguko (1,300,000) alipe nusu hiyo kutoka kwenye faida: 108,333 kwa mwezi. Jumla inayotakiwa kutoka kwenye faida ni 308,333, mapishi 25, kopo 525 kwa mwezi. Sasa geuza kopo kuwa maduka. Duka la mtaani likiuza kopo 6 kwa wiki, ni 24 kwa mwezi. Unahitaji maduka 22. Kabla ya kusaini mkataba, keti na daftari, andika majina ya maduka 22 ambayo yameshaonja bidhaa yako na kukubali. Yakifika 9, omba mkopo wa maduka 9.

#4 KaraniWaKata

@Nguzo hapo umenisahihisha hata mimi niliyekuwa naelekea kule kwa Mkokotoo. Orodha ya maduka ingetakiwa iwe kiambatisho cha lazima kwenye andiko la biashara.

#5 Mama Wawili

Naomba kuuliza ndugu zangu. Tuko akina mama watano, tunauza sabuni ya maji na batiki, hatujasajiliwa. Tunaanzia wapi? Na je, lazima tufanye kitu kimoja?

#6 KaraniWaKata

Karibu dada. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, si kwa mtu wa kati anayedai kuwajua "wakubwa". Mkiombwa hela ya kuwaingiza kwenye orodha, ondokeni.

Andaeni muhtasari wa kikao cha kuunda kikundi, wenye majina na sahihi za waliohudhuria, katiba, namba za NIDA za wote, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa au kijiji. Halmashauri inawasajili, mnafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na maombi ya mkopo yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wezesha. Jina la kikundi liwe lilelile herufi kwa herufi kwenye cheti, benki na kwenye mfumo. "Tumaini Women Group" kwenye cheti na "Tumaini Group" benki yanatosha kuwakwamisha wiki kadhaa.

Katiba ndiyo watu wanainakili kwa jirani bila kuisoma. Hakikisheni inajibu haya: mtu akihama mji deni lake linabebwa na nani? Akifariki? Nani anaidhinisha matumizi, na kuanzia kiasi gani kikao kizima lazima kikae? Watia sahihi benki wawe watatu na wasiwe ndugu. Mwenyekiti na mhazini wakiwa dada na mdogo wake, siku ya mgogoro hakuna wa kumhoji mwenzake.

Kuhusu sabuni na batiki: msiunganishe vitabu. Kama mnafanya miradi miwili, kila mmoja uwe na daftari lake la mauzo, maana sabuni inageuza fedha ndani ya wiki na batiki inaweza kukaa miezi ikisubiri msimu wa harusi au Idi. Mkichanganya, sabuni italipa deni la batiki kimyakimya hadi nayo ife. Na someni mkataba kwa makini mjue rejesho la kwanza linaanza lini. Kwa batiki, kuanza kulipa kabla ya msimu ni hatari.

Jambo linaloua vikundi kuliko yote: kugawana. Fedha inaingia Jumatatu, Jumatano kila mmoja ana milioni yake. Mmoja anapeleka ada ya shule, wa pili anaezeka. Rejesho la tatu wawili wanalipa, watatu hawapokei simu. Mkopo ni wa kikundi, kwa hiyo deni linabaki kwenu wote.

#7 FundiSabuni

Dada @Mama Wawili, kwenye sabuni ya maji angalieni mambo matatu kabla ya kuongeza uzalishaji. Kipimo cha kawaida cha lita 20 ni salfoniki (tindikali ya kutengenezea sabuni) lita 1, ungaroli (ya kuongeza povu) nusu kilo, soda ashi robo kilo, chumvi, glisirini kidogo, rangi na manukato. Soda ashi iyeyushwe kwa maji pembeni, imiminwe taratibu huku mkikoroga. Ikipungua, tindikali inabaki na sabuni inachuna mikono. Pimeni kwa karatasi ya pH, iwe 7 hadi 8. Chumvi ndiyo inafanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi kiwango inageuka kuwa nyepesi kama maji, na hapo kuongeza chumvi tena kunaharibu zaidi. Wekeni kidogo kidogo, mkoroge, mwangalie. Acheni povu lishuke usiku mzima kabla ya kujaza chupa, la sivyo kesho yake chupa ya lita inaonekana imepunjwa na mteja anaamini mmemwibia.

Andikeni namba ya pishi na tarehe kwenye kila chupa. Duka likirudisha chupa 6 utajua ni pishi lipi, na huhitaji kuogopa kwamba bidhaa yako yote ni mbovu.

#8 Mkaguzi Mstaafu

Nidokeze TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa wa chakula. Tangu 2019 usalama wa chakula na vipodozi ulihama kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) anaweza kuomba alama ya ubora bila kulipia kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha gharama zinapanda kwa hatua. Watu wanaogopa TBS wakidhani ni faini tu, wakati huu ni msaada wa serikali wenye thamani kubwa kuliko mkopo, kwa sababu bila alama ile supamaketi haikufungulii mlango.

Kwenye karanga adui ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1. Haionekani kwa macho na kukaanga hakuimalizi. Mnachoweza kufanya ni kununua karanga zilizokauka vizuri, zisizowekwa chini kwenye udongo. Kuchambua mara mbili, kabla na baada ya kukaanga, mkitoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu, na zile zinazokataa kumenyeka maganda. Ule upotevu wa kilo 1.5 aliotaja mwenye uzi uko humo. Anayejivunia kuwa "karanga zangu hazipotei" hachambui. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Hili si la kubahatisha.

#9 Bint Mwani

Kwetu Zanzibar ile 10% ya Bara haitumiki, serikali za mitaa si jambo la Muungano. Huku mlango ni ZEEA, wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi. Naongezea jambo moja tu, wenzangu: msaada wowote unaokuja, uliza unatatua kikwazo kipi. Wakulima wa mwani wengi ni wanawake, na mwani mnene wa bei nzuri unakufa kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kinachohitajika ni kufika kina kirefu: boti, kamba, kujua kuogelea. Ukimpa mama huyu fedha ya kununua mbegu zaidi za kupanda palepale, umemwongezea hasara. Kujiamini kwake kunaonekana pale anapoweza kumwambia mfadhili "hapana bibi, sitaki mbegu, tupeni boti", na kueleza kwa nini.

#10 Mzabuni

Umesema kweli dada. Upande wa zabuni: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi nunuzi zitenge 30% ya ununuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Siku hizi kila kitu kinapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Kikundi kisajiliwe kule, kiwe na TIN na leseni, na msisubiri tangazo ndipo muanze kusajili.

Lakini msikimbilie ukubwa. Chukua kazi ya kusambaza yenye gharama ya 2,600,000 na faida ya 400,000. Fedha ile ile ingetoa mapishi 34 ya siagi. Kwa faida ya 9,345, ni 317,730 kwa mzunguko mmoja. Kama mzunguko ni wiki 3, ndani ya wiki 12 imezunguka mara 4: karibu 1,270,000, ikiwa maduka yenu yanaweza kumeza mzigo huo. Serikali ikichelewa kulipa miezi mitatu, ile zabuni "nzuri" imewala. Ama bei ibebe ucheleweshaji, ama mchukue zabuni ndogo inayotumia fedha ambayo msingeihitaji kwa siku 90. Na usipeleke hata katoni moja kwa agizo la mdomo au la simu. LPO (hati ya agizo la ununuzi) kwanza, na hati ya mapokezi yenye sahihi siku ileile ya kushusha mzigo. Bila karatasi hiyo huna hata pa kuanzia kudai.

#11 Wanjiku_Soko

Kutoka Kenya, hali ni hiyo hiyo. Sisi tuna AGPO, mpango wa zabuni za serikali kwa makundi maalumu, tangu 2013, nayo ni 30%. Cheti ni bure. Biashara iwe angalau 70% mali ya wanawake na uongozi wote uwe wao. Shida kubwa ni wanaume wanaoweka jina la mke kwenye cheti na mke hajui hata zabuni ni ya nini. Kodi ikidaiwa au mzigo ukikataliwa, mwenye jina ndiye anayetafutwa. Dada zangu, usitie sahihi kwenye karatasi ya kampuni ambayo huoni taarifa yake ya benki.

#12 Nguzo ya Marejesho

Hilo la nyumbani lisipite haraka, maana ndilo zito. Kuna utafiti wa Ghana uliochapishwa 2014: wanawake waliopewa fedha taslimu faida zao hazikupanda, ila waliopewa kwa njia ya vifaa na bidhaa, hasa wenye biashara kubwa kidogo, zilipanda. Uchambuzi mwingine wa 2019 ulionyesha kuwa mara nyingi mtaji wa mama unahamia kwenye biashara ya mume ndani ya nyumba ileile. Mama hakushindwa biashara, fedha ilihamishwa.

Kwa hiyo mwambieni afisa wa halmashauri muuzaji wa mashine alipwe moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi. Mauzo yaingie kwenye lipa namba ya biashara, si kwenye simu ya mtu. Jilipeni zile 8,000 za siku ya kazi, hiyo ndiyo fedha ya nyumbani, na ikiisha imeisha. Ukiombwa zaidi una jibu ambalo halimvunjii mtu heshima: "hiyo ni ya kikundi, inahitaji sahihi tatu."

#13 Mkokotoo

Nakubali masahihisho ya #3. Na kuhusu mafunzo: kuna jaribio la Togo lililochapishwa 2017, wafanyabiashara wadogo 1,500 mjini Lomé. Waliofundishwa uthabiti wa kujianzishia mambo, kutafuta fursa, kupanga malengo na kushinda vikwazo, faida yao ilipanda kwa 30% kulinganisha na wasiofundishwa. Kwa wanawake ilikuwa 40%. Mafunzo ya kawaida ya uhasibu na masoko yalitoa 11%, kiasi ambacho kitakwimu hakikujitenga na sifuri. Mwenye uzi, hapo daftari lako linapata mshindani.

#14 KaraniWaKata

@Mkokotoo nimekuelewa, na sipingi. Semina ya Lomé haikuwa ya kupiga makofi. Watu walipewa kazi ya kwenda kutafuta mteja mpya, kubuni bidhaa iliyo tofauti na ya jirani, na kurudi kueleza kilichokwama. Tukiweka hilo kwenye kikundi: kila wiki mwanakikundi mmoja aende kwenye maduka matatu mapya akiwa na sampuli na bei ya sakafu kichwani. Kwa siagi yetu sakafu ni 3,555. Mwenye duka akisema 3,300, mama asijitetee wala asiombe. Ampe njia nyingine: kopo dogo la gramu 250, au 3,800 kwa anayechukua katoni na kulipa taslimu. Asiporidhika, aage vizuri na aandike jina la duka, maana miezi miwili baadaye atapita tena.

#15 Mama Wawili

Asanteni sana. Swali la mwisho: mkopo wa halmashauri ukichelewa, tukope hawa wa mtaani tuanze kwanza?

#16 Nguzo ya Marejesho

Hapana dada. Kausha damu wa kawaida anakupa 100,000, unalipa 5,000 kwa siku 26: 130,000, yaani 30% ndani ya mwezi. Faida ya siagi kwenye mfano wetu ni kama 12.5% ya gharama kwa pishi, na fedha inarudi baada ya wiki tatu, wakati yeye anaanza kudai kesho asubuhi. Benki Kuu imeweka ukomo wa 3.5% kwa mwezi kwa taasisi za mikopo midogo zenye leseni, kwa hiyo ukikutana na wa 30% jua yuko nje ya sheria.

Anzeni na hisa zenu wenyewe. Watu 5 × 5,000 kwa wiki ni 25,000, na baada ya wiki 8 mna 200,000. Tengenezeni kwa hiyo, uzeni, andikeni. Afisa akija kuwakagua mtamwonyesha daftari lenye mauzo ya miezi, na kiasi mtakachoomba kitatoka humo.